Namba za Jana: historia fupi ya kupima joto, mapigo na presha, na kosa nililolifanya Shanzu

Najua nimepotea. Niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata na bado sijaimaliza, itakuja, msinichoke. Leo nataka niwaandikie historia, ingawa shahada yangu ni ya kompyuta na somo lenyewe la historia niliachana nalo kidato cha pili. Sababu ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe hapa Shanzu, kosa la mstari mmoja tu wa programu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu waliotutangulia katika kazi hii ya kumpima binadamu joto, mapigo, pumzi na presha, kisha kuandika namba. Nimegundua kwamba kosa langu ni la zamani sana. Wenzangu walilifanya kwa kalamu kabla mimi sijalifanya kwa kibodi.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ukimwambia Mkenya "nasingi homu" anawaza hospitali ndogo ya mtu binafsi, yenye vitanda vichache, pale shangazi yake alipojifungulia. Neno hilo hilo kule Marekani ni nyumba wanamoishi wazee wasioweza kujitegemea, na karibu kila familia hapa Mombasa ina binamu anayefanya kazi humo, anawageuza wazee kitandani usiku kucha ili atume pesa mwisho wa mwezi. Kwa hivyo hapa nitasema nyumba ya wazee, basi. Kwetu si nyingi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 57 inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na serikali. Lakini wengi hutunzwa nyumbani, na ukimpeleka mamako kwenye nyumba ya wazee majirani watakusema hadi uhame mtaa. Hata hivyo zipo. Nairobi kuna ile ya masista wa Kikatoliki pale Kasarani, Zanzibar kuna Sebleni na Welezo, na huku kwetu kaskazini ya Mombasa kuna ndogo ndogo ambazo hata kibao hazina.

Katika moja ya hizo ndogo ndiko nilikopata kazi. Wazee 11, wauguzi wawili wa mchana, mmoja wa usiku, na wasaidizi. Kila mzee alikuwa na faili, na ndani ya faili karatasi ya vipimo: joto, mapigo, pumzi, presha, na oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole. Mara mbili kwa siku. Karatasi zilikuwa zimejaa chumvi na unyevu wa bahari, nyingine zimeshikana kama mikate ya mkono. Matroni aliniambia, "Mwanangu, nitengenezee kitu nisitafute karatasi." Nikamtengenezea. Tabuleti moja, seva ndogo iliyofichwa kabatini pamoja na betri ya kuvumilia stima ikipotea, na fomu safi ajabu. Nilijivunia ile fomu.

Wauguzi walilalamika jambo moja: kuandika kunachukua muda. Nami, kwa wema wangu, nikaongeza kitu. Ukifungua fomu ya mzee, visanduku vinakuja vimejazwa tayari namba za mara ya mwisho, wewe unabadilisha tu kilichobadilika. Mnaojua kuandika programu mmeshaona kisima nilichokichimba. Wasiojua, subirini, nitarudi huko.

Haya, historia.

Kushika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo ni jambo la kale mno. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandikia mapigo sehemu nzima katika Al-Qanun, akiyagawa kwa nguvu, kwa mwendo, kwa ulaini wa mshipa na kadhalika. Ilikuwa elimu ya vidole. Kilichokosekana ni namba, kwa sababu hakukuwa na saa ya kuhesabia. Mwaka 1707 daktari wa Kiingereza, John Floyer, alitoa kitabu kuhusu saa aliyoiagiza itengenezwe ili ipime dakika moja kamili, apate kuhesabu mapigo. Hapo ndipo kitu kilichokuwa sifa (mapigo mazito, mapigo membamba) kikaanza kuwa tarakimu. Sisi watu wa kompyuta tunashangilia mambo kama hayo. Lakini kumbuka kuna kitu kiliachwa nje: saa ya Floyer haijui kama mshipa ni laini.

Joto lilichelewa. Kipimajoto kilikuwapo tangu karne ya 17 lakini madaktari hawakukijali sana, mpaka Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani, alipotoa kitabu chake mwaka 1868. Alikuwa amekusanya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, na vipimo vyenyewe vinakadiriwa kupita milioni moja. Fikiria hiyo ni hifadhidata ya karatasi, bila hata kikokotoo! Na kipimajoto chake kilikuwa kirefu kama rula ya shule, kinawekwa kwapani dakika 15 hadi 20. Muuguzi gani wa leo angekubali? Mwingereza Thomas Clifford Allbutt ndiye aliyetuokoa, alipobuni kifupi cha inchi 6 kinachosoma kwa dakika 5, mwaka 1866 au 1867 hivi. Tangu hapo kipimajoto kikaingia mfukoni, na kazi ya kupima ikahama polepole kutoka kwa daktari kwenda kwa muuguzi.

Wunderlich ndiye aliyetuachia ile 37 tuliyoisoma darasani. Na ndiye aliyetuachia mchoro wa joto, ule mstari unaopanda na kushuka kwenye karatasi iliyokuwa ikining'inia miguuni mwa kitanda. Alichokiona ni kwamba kipimo kimoja hakisemi mengi. Maradhi yanajionyesha kwa umbo la mstari. Homa ya matumbo ina umbo lake, malaria ina lake. Hili lishikeni, kwa sababu programu yangu ilikuwa ikionyesha kipimo kimoja kimoja, kimepambwa kwa rangi ya kijani, na wala haikuwa na mstari.

Ile 37 yenyewe imeshatikiswa. Mwaka 1992 Philip Mackowiak na wenzake huko Marekani waliwapima watu wazima wenye afya 148, wastani ukawa kama 36.8. Na mwaka 2020 watafiti wa Stanford waliandika kwamba joto la Wamarekani limekuwa likishuka kidogo kidogo tangu karne ya 19. Lakini linalotuhusu hapa ni utafiti mwingine, mdogo, ambao sikuwahi kuusikia mpaka nilipokuwa nimeshachoma chapati. Mwaka 1991 Castle, Yoshikawa na wenzao wa Los Angeles waliwachunguza wazee wanaoishi katika nyumba ya wazee, wakauliza kama kweli mzee ni baridi kuliko kijana. Jibu lilikuwa kwamba wengi wao joto lao la kawaida liko chini, na wakiugua linapanda kutokea huko chini, kwa hivyo haliufikii ule mstari wa 38 ambao sote tunauita homa. Ndiyo maana miongozo iliyotoka Marekani mwaka 2008 kwa ajili ya nyumba za wazee inasema ihesabiwe homa kama joto la mdomoni limepita 37.8 hata mara moja, au kama limepanda zaidi ya digrii 1.1 kutoka kwenye kawaida ya mzee huyo. Kawaida ya mzee huyo! Maana yake ni kwamba huwezi kuandika mpaka mmoja ukautumia kwa watu wote 11. Unahitaji kumjua mtu mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, akiwa mzima.

Presha ndiyo iliyokuja mwisho. Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza kile kitambaa cha kufunga mkononi na kujaza hewa mwaka 1896. Nikolai Korotkoff, daktari wa upasuaji wa Urusi, mwaka 1905 alitoa ripoti fupi isiyojaza hata ukurasa, akieleza kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia chini ya kile kitambaa utasikia sauti zikija na kutoweka. Ukurasa usiojaa! Na dunia nzima bado inazitumia sauti zile.

Lakini katika historia hii yote, mtu niliyemkalia muda mrefu zaidi ni mwanafunzi. Mwaka 1893, Boston, Harvey Cushing alikuwa bado anasomea udaktari. Siku hizo kumlaza mgonjwa usingizi kwa etha ilikuwa kazi anayopewa mwanafunzi, hata ambaye hajafundishwa. Cushing akapewa mgonjwa, akampa etha, na mgonjwa akafa mbele ya watu. Inasemekana alitaka kuacha udaktari siku hiyo hiyo. Hakuacha. Yeye na mwenzake Ernest Codman wakaanza mashindano ya nani atamlaza mgonjwa vizuri zaidi, dau likiwa chakula cha jioni, na ili kumpata mshindi wakawa wanaandika mapigo na pumzi kwenye karatasi ya mchoro kadiri upasuaji unavyoendelea. Ile ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa rekodi ya usingizi wa upasuaji, miaka ya 1894 na 1895. Baadaye, mwaka 1901, Cushing alipita Pavia, akaona kifaa cha Riva-Rocci, akarudi nacho Marekani, na safu ya presha ikaongezwa kwenye karatasi.

Naipenda habari hii kwa sababu fomu zao zilitoka kwenye maiti. Zangu zilitoka kwenye laptopu, nikiwa nimekaa kwenye upepo mzuri. Cushing alijua kila kisanduku kiko pale kwa ajili gani. Mimi nilijua kila kisanduku ni cha aina gani ya data.

Sasa turudi Afrika, kwa sababu wengi wanadhani mambo haya yote yaligunduliwa na Wazungu kwao na sisi tukaletewa. Mchoro wa vipimo ulio maarufu kuliko yote duniani, huenda ukiondoa ule wa joto, ulipata umbo lake hapa barani. Ni patografu, ile karatasi ya kufuatilia mama anayejifungua. Emmanuel Friedman wa New York alikuwa ameshachora mstari wa jinsi njia ya uzazi inavyofunguka, mwaka 1954. Lakini mwaka 1972 Philpott na Castle (Castle mwingine, si yule wa Los Angeles), wakifanya kazi mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, walikuwa na shida ambayo New York haikuwa nayo: wakunga walio peke yao kwenye zahanati za mbali, wanaohitaji kujua ni saa ngapi waite gari. Basi wakachora mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari: njia ikifunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa, unauvuka. Wa pili uko saa 4 mbele yake, huo ni wa kuchukua hatua. Mkunga hahitaji hesabu wala daktari pembeni. Anaweka alama, anaona alama iko upande gani wa mstari.

Mimi naona huo ni usanifu wa programu kabla ya programu. Muda wa kusafiri umewekwa ndani ya karatasi! Mwaka 1987 mkutano wa Nairobi ulianzisha kampeni ya dunia ya uzazi salama, na Shirika la Afya Duniani likaipokea karatasi hiyo, likaijaribu Asia ya Kusini-Mashariki kwa wanawake zaidi ya 35,000, na matokeo yaliyotoka 1994 yakaonyesha uchungu wa muda mrefu umepungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Baadaye tafiti nyingine hazikupata faida iliyo wazi hivyo, na mwishoni mwa 2020 shirika likatoa mwongozo mpya wa kuchukua nafasi yake. Sababu zinajadiliwa na wataalamu. Lakini kuna moja ambayo mkunga yeyote wa nasingi homu (ile yetu) atakuambia ukimnunulia chai: mara nyingi patografu hujazwa mtoto akiwa ameshazaliwa. Mkunga ana akina mama wanne, mikono miwili. Akimaliza anakaa, anavuta karatasi, anachora mstari mzuri ulionyooka, kwa sababu faili lisilo na patografu ni kosa kazini na faili lenye patografu ya kubuni si kosa. Tarehe na saa zote zipo, na karatasi ni nadhifu kuliko ile ya kweli ingekuwa.

Kuna Mmarekani mmoja aliyeliona hilo, Heather Underwood wa Chuo Kikuu cha Colorado. Miaka ya mwanzo ya 2010 alileta Nairobi kalamu ya kielektroniki yenye kamera ndogo, inayosoma vidoti vilivyochapwa kwenye karatasi. Mkunga anaandika patografu ile ile kwa kalamu, na kalamu ikiona alama imevuka mstari inatoa sauti, na muda wa kupima ukifika inakumbusha. Ilijaribiwa kwa wanafunzi wa uuguzi na katika wodi za uzazi, pamoja na Hospitali ya Kenyatta. Niliposoma habari zake nilinyamaza kidogo. Mimi nilitaka kuitoa karatasi. Yeye alimfuata mkunga mahali alipo.

Upande wa kompyuta zenyewe, sina haja ya kurefusha, maana niliwahi kuandika kuhusu OpenMRS. Ila kwa waliojiunga karibuni: mwezi wa Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana waliwasha mfumo wa rekodi za wagonjwa uliotengenezwa kwa Microsoft Access. Wakapima muda kwa saa mkononi kabla na baada, wakakuta mgonjwa anamaliza ziara yake kwa muda uliopungua asilimia 22. Kutokana na kazi ya Eldoret ndipo ilipoanza OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo leo iko nchi nyingi, na KenyaEMR inayotumika kwenye kliniki zetu imejengwa juu yake. Jambo moja la kujifunza hapo: kwa miaka mingi kule Eldoret daktari alijaza fomu ya karatasi na karani akaichapa baadaye. Tunacheka mfumo huo. Lakini kisanduku kilichoachwa wazi kwenye karatasi kilikuwa wazi kweli kweli, na karani aliweza kurudi kuuliza kulikoni.

Haya, sasa ni namba zenyewe na maana yake. Mwaka 1997 Morgan na wenzake katika hospitali moja ya mashariki ya Uingereza walichoka kuona wagonjwa wakizidiwa wodini huku namba ziko kwenye karatasi saa nyingi kabla, hakuna aliyezijumlisha. Wakaweka alama: kila kipimo kilicho nje ya kawaida kinapata pointi, pointi zikifika kadhaa unaita daktari. Mwaka 2012 chuo cha madaktari cha Uingereza kikatoa jedwali moja la nchi nzima, NEWS, likarekebishwa 2017. Pumzi, oksijeni, presha, mapigo, fahamu, joto. Jumla ikifika 5 ni haraka, ikifika 7 ni dharura, na kipimo kimoja tu kikipata 3 peke yake nacho hakiachwi hivi hivi. Lilitengenezwa kwa hospitali, lakini miaka ya 2010 baadhi ya nyumba za wazee za Uingereza zikaanza kulitumia, nyingine kwa tabuleti. Wauguzi wetu waliokwenda huko, wengine kwa yale makubaliano ya Kenya na Uingereza ya 2021, wanalijua kwa moyo.

Karibu na nyumbani, pale Muhimbili, Dar es Salaam, kundi la Watanzania na Waswidi lilijaribu kitu rahisi zaidi katika chumba cha mahututi. Kipimo kikivuka mpaka wa hatari, muuguzi ana ruhusa na maelekezo ya kufanya jambo maalumu papo hapo. Ripoti yao ya 2015 inasema kabla ya hapo ni kama asilimia 17 tu ya dalili za hatari zilizokuwa zikitibiwa ipasavyo ndani ya saa moja, na baadaye ikawa kama asilimia 35. Vifo kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kujivunia, ila kwa waliokuwa na presha ya chini sana vilipungua. Nawaheshimu kwa kuyasema yote mawili.

Na pale zamani ilipokuwa 17, namba zilikuwa zimeandikwa! Mtu alipima, akaandika 70 chini ya presha, akaenda kitanda kingine.

Sasa kosa langu. Mimi nilichukua jedwali la NEWS, nikaliingiza kwenye programu kama lilivyo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, kitanda chake kilikuwa dirishani kwa sababu alipenda kuona meli zikisubiri zamu ya kuingia Kilindini. Joto lake la kawaida lilikuwa 35.9. Kwenye jedwali, 35.9 ni pointi 1. Kwa hivyo kila siku alionekana na doa la njano, na wauguzi wakazoea kulipuuza. Nami nilikuwa nimeshaweka kile kisaidizi changu cha kujaza namba za jana. Kwa siku nne mfululizo pumzi zake ziliandikwa 20, mapigo 76, joto 35.9. Zamu nane. Hakuna binadamu anayekuwa vile vile zamu nane. Hata sanamu jua likiwaka inapata joto.

Siku ya nne binti yake akaja kumtembelea, akamsalimia shikamoo baba, akamshika shingo. "Baba ana moto," akasema. Matroni akaja na kipimajoto, kikasoma 37.4. Akaingiza. Na hapa ndipo ninapoona haya hadi leo: programu ilibadilika kutoka njano kuwa kijani. Kwa jedwali, 37.4 ni sifuri. Mzee alikuwa amepanda digrii moja na nusu kutoka kwenye kawaida yake, na tabuleti ikampongeza kwa kupata nafuu.

Matroni hakuiamini. Mama yule ana miaka zaidi ya thelathini kazini. Akaiweka tabuleti chini, akatazama kifua cha mzee, akahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Zikawa 26, ambazo peke yake ni pointi 3. Oksijeni 94. Kwenye jedwali 94 ni pointi 1 tu, lakini kile kifaa cha kidole, ambacho wazo lake ni la Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kina udhaifu wake. Mwezi wa Desemba 2020 madaktari wa Michigan waliandika kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuona upungufu uliofichika wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hivyo 94 ya kidole cha mzee wa bandari huenda haikuwa 94. Wakaita gari. Ilikuwa nimonia. Alikaa hospitali siku 9, akarudi, kitanda chake cha dirishani kikiwa kinamngoja. Kwa rehema za Mungu, na si kwa programu yangu.

Nilipofungua kumbukumbu za seva usiku ule nilitaka kuona nani "alidanganya". Nikaona muuguzi wa usiku alifungua fomu 11 na kuzihifadhi zote ndani ya dakika tatu na sekunde kadhaa. Ni rahisi kumlaumu. Usiku ule ule mzee mwingine alianguka chooni na yeye alikuwa peke yake. Lakini kwenye karatasi ya zamani angelazimika kubuni namba 55 kwa mkono wake, na mkono husita. Mimi nilimbunia. Nilimpa kitufe kimoja cha kubonyeza na nikakipa jina "Hifadhi".

Ndugu zangu mnaoandika programu, mnajua tofauti ya sifuri na kisanduku kisicho na kitu. Tunafundishwa mwaka wa kwanza. Thamani isiyojulikana si sifuri na si ya jana. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani ule.

Nimebadilisha hivi. Visanduku vinakuja wazi, na kisichopimwa kinabaki wazi, kinaonekana wazi, bila kumgombeza mtu. Kuna sehemu ya kuandika sababu, na "niko peke yangu" ni sababu inayokubaliwa. Saa ya kupima na saa ya kuandika zinahifadhiwa mbalimbali. Pumzi haziandikwi tena kama namba: unagusa skrini kila kifua kinapopanda, kwa dakika moja, kisha programu inahesabu. Wauguzi waliichukia wiki ya kwanza. Joto linalinganishwa na kawaida ya mzee mwenyewe, ninayoipata kwa kuchukua namba ya katikati ya vipimo vyake 14 vya siku alizokuwa mzima. Na jedwali la NEWS lipo bado, pembeni.

Kitu kingine ni mchoro. Kila Jumatatu programu inachapa karatasi moja kwa kila mzee, mistari mitano ya wiki iliyopita, kama ile ya Leipzig ya 1868, na matroni anaining'iniza miguuni mwa kitanda. Familia zikija zinaisoma. Kuhusu sheria ya ulinzi wa data ya 2019, tulikaa na kuzungumza na wazee na familia zao kwanza, na ambaye hakutaka karatasi yake ionekane iko ndani ya faili. Wawili hawakutaka.

Yule binti wa mzee wa bandari huja Ijumaa. Nilimkuta juzi ameshika karatasi ya babake anaizungusha, akaniuliza, "Kaka, hapa katikati mbona hakuna kitu?" Nikamwonyesha: Jumatano usiku, wazi, sababu imeandikwa. Akatikisa kichwa, akaenda kumshika babake shingo.